Kolera haiulizi kama umetoka Zambia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Pweto)



Nianze na neno linaloumiza. Kolera ikiamka kando ya ziwa Moero, hawakosi watu wa kusema: "Ni bale balirudia ndiyo balileta." Wengi wetu tulikimbia vita ya Pweto mwezi wa 12, mwaka 2000, tukaishi miaka Kala ao Mwange, kisha tukarudi kwetu. Leo tunaonyeshwa kidole kwenye maji. Tujibu, lakini si kwa hasira. Tujibu kwa kujua ugonjwa huu unavyopita.

Kolera inaletwa na kijidudu. Kinaingia kwa kinywa, kupitia maji, chakula ao mikono yenye uchafu wa choo, na kinatoka kwa mavi. Watu wengi wanaokibeba hawaugui hata kidogo, ao wanaharisha kidogo tu, na huku wanakitoa kwa siku kadhaa. Mvuvi wa Kilwa, mama muuza samaki anayevuka kutoka Nchelenge, mwenyeji ambaye hajatoka Pweto hata siku moja: yeyote anaweza kukibeba bila kujua. Basi tuache kutafuta nani alileta. Tutafute ni wapi mavi yanakutana na maji yetu.

Mwili hauko bila ulinzi. Tumboni mna asidi kali inayoua vijidudu vingi. Mtoto mwenye utapiamlo ana asidi hafifu, kwa hiyo anashikwa upesi. Vijidudu vikipita pale, mwili unatengeneza askari wa kupigana na kolera. Lakini kazi hiyo inaomba siku nyingi, na kolera kali inaweza kuua kwa saa chache tu, kwa sababu sumu yake inafanya matumbo yamwage maji ya mwili. Askari wako njiani, mgonjwa anakauka.

Kwa hiyo kazi yetu ni kumrudishia mgonjwa maji mpaka mwili wake upate nguvu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walijaa Bongaon, kule India, na seromu ya mshipa ikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa maji yenye chumvi na sukari, ndugu za wagonjwa wakisaidia kunywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Sukari inaisaidia chumvi kupita ndani ya utumbo, na maji yanafuata.

Hapa kwetu bado nasikia: "Usimupe mayi, ataharisha zaidi." Nimeona mtoto aliyefikishwa kwenye kituo cha afya asubuhi, baada ya usiku mzima bila kunywa. Hakurudi nyumbani. Mama yake hakuwa mzembe. Alifanya vile alivyofundishwa. Ni sisi hatukumfikia mapema.

Tushike hivi: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijae. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Ngoja dakika 10, uendelee. Mtoto aendelee kunyonya. Na safari ya kwenda kituo cha afya isingoje asubuhi.

Chanjo ya kunywa iko, nayo inafundisha mwili mapema. Lakini dozi zimekuwa chache duniani. Oktoba 2022 kampeni za dharura zilianza kutoa dozi 1 pahali pa 2. Tusikae tukiingoja.

Ombi langu kwa wanachama na wafadhili ni mambo mawili. Kisanduku chetu kilipie kloro, ile dawa ya maji, pale watu wanapochota. Na kila avenyi iwe na mama mmoja mwenye pakiti za SRO nyumbani, anayeweza kuamshwa usiku.

Na kloro hiyo tusiipime kwa jina la mtu. Yeyote atakayefika na bidoni yake, hata yule aliyetuonyesha kidole, tumutilie. Maji tunayokunywa ni ya ziwa moja.