Herufi Moja Ilimtembeza Mama Bure

Hotuba ya katibu wa kamati ya jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimepewa dakika chache niseme juu ya matangazo tunayotumiana katika makundi ya simu ya mitaa yetu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja niliarifiwa kwamba daktari wa watoto amepata safari. Nikaandika haraka: "Daktari wa watoto atakuja Ijumaa." Nilitaka kuandika "hatakuja". Wengi wetu tuliotoka Kongo hatuitamki ile H, na mkono nao huisahau. Lakini hapo H ndiyo hapana yenyewe. Ukiiondoa, umesema ndiyo.

Ijumaa akina mama walifika kituo cha afya kabla jua halijapanda. Mmoja wao ni bibi anayemlea mjukuu. Hana simu, alisomewa na jirani. Alimbeba mtoto mgongoni kutoka mtaa wa mwisho, akangoja hadi adhuhuri, akarudi naye vilevile, homa juu. Siku ile aliacha kibarua cha kulima ambacho kingewapa chakula cha jioni. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia: "Mwanangu, mimi sikusoma. Nilitegemea kwamba wewe umesoma."

Mtaniuliza: hukusahihisha? Tangu mwaka 2023 WhatsApp humruhusu mtu kusahihisha ujumbe wake ndani ya dakika 15. Mimi niligundua jioni. Na hata ningewahi, ujumbe uliokwisha kupelekwa kundi jingine haubadiliki, na neno lililokwisha kusomwa kwa sauti penye bomba la maji halifutiki. Kosa lilipita njia nyingi. Sahihisho lilipita njia moja.

Tuangalie pia saa. Ofisi huandika 8h00, yaani saa mbili asubuhi. Mwenye kunakili akiandika "saa 8", mmoja atafika asubuhi kwa hesabu ya Kifaransa, mwingine atafika saa nane mchana, akute ugawaji wa sabuni umekwisha. Tuandike yote mawili: saa mbili asubuhi, 8h00. Tarehe nayo iende na jina la siku. Na jina la mtu liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi ya familia, herufi kwa herufi. L ikigeuka R, mtu huitwa asijijue, na zamu yake ikapita.

Kwa hiyo naomba kamati ikubali desturi hii. Kwanza, mwandishi asome tangazo lake kwa sauti, polepole, kabla ya kulituma. Pili, mtu mwingine alisome na aseme ameelewa nini; macho ya mwandishi huona alichotaka kuandika, si alichoandika. Tatu, tuchague maneno yasiyogeuka. "Ijumaa hakuna daktari" ni bora: hata H ikipotea, maana haipotei. Nne, tangazo la maneno lifuatane na la sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Na kosa likitokea, aliyekosea apite mtaa kwa mtaa kwa miguu yake, asitegemee simu peke yake.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mtupe habari mapema kidogo. Tangazo likitufikia usiku kwa kazi ya asubuhi, hatupati nafasi ya kulisoma mara ya pili.

Ndugu zangu, si kila mtu hapa ana simu, wala si kila mwenye simu anajua kusoma. Lakini wote hutembea kwa maneno tunayoandika. Tuyasome sisi kwanza, wasije wao wakayalipia kwa miguu yao.