Wanaojifunza Kubuni Tovuti Waanzie Wapi

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata



Kazi ya kubuni tovuti imekwisha kufika vijijini. Mwenye nyumba ya kulala wageni anataka tovuti, chama cha akiba na mikopo kinaitaka, shule binafsi inaitaka. Na kijana mwenye kompyuta mpakato moja anaweza kuifanya kazi hiyo bila kuihama kata yake. Wazazi huuliza swali moja: mtoto alipiwe ada ya kozi, au aachwe ajifunze mwenyewe mtandaoni? Kabla ya jibu, ifahamike kwamba ufundi huu haufanani na mwingine. Seremala aliyefundishwa kuunga mbao mwaka 1995 anaweza kula kwa ujuzi huo hadi leo. Mbunifu wa tovuti aliyefundishwa mwaka huo, asiongeze lolote, hana mteja.

Flash ni ushahidi wa kutosha. Kwa miaka mingi ilifundishwa kuwa ndiyo njia ya kuzipa tovuti picha zinazotembea na vitufe vinavyong'aa, na watu walilipa kuisoma. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia kazi za Flash zisionekane. Tovuti zilizoitegemea peke yake zikabaki tupu. Kwa upande mwingine, ukurasa wa kwanza wa wavuti, uliotengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN kule Uswisi, umehifadhiwa, na nakala yake inafunguka hata katika simu ya bei nafuu. Uliandikwa kwa HTML sahili. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa ufundi huo kwa umma bila malipo, na haujawahi kurudishwa chini ya mwenyewe mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi aanze na HTML, afuate CSS, ndipo aguse JavaScript. Kozi inayoanza na programu ya kuburuta vipande na kuvibandika humpa mwanafunzi tovuti siku ya pili, ila haimpi ufundi.

Vyanzo bora vya kujifunzia ni vya bure. Cha kwanza ni MDN, kilichoanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Mwaka 2017 Google, Microsoft na Samsung, ambao kwa kawaida ni washindani, walikubali kukijenga pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya kukiamini: wanaotengeneza vivinjari ndio wanaoeleza humo vivinjari vinafanya nini. Cha pili ni freeCodeCamp, kilichoanza mwaka 2014. Humpa mwanafunzi zoezi, akakosea, akarudia, na sehemu ya masomo yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. W3Schools, kilichopo tangu 1998, hutumiwa sana na wanaoanza kwa kuwa mifano yake ni mifupi. Wengi hudhani ni mali ya W3C, chombo kinachoweka kanuni za wavuti. Si kweli, majina yanafanana tu. Kwa asiye na bando la kila siku, DevDocs ndiyo yenye faida kubwa: hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha husomwa nyumbani bila intaneti. Hata kuandika HTML hakuhitaji mtandao. Notepad inatosha.

Tatizo ni kwamba masomo yaliyokufa yamejaa mtandaoni bila kuandikwa kwamba yamekufa. Zipo dalili za kuyatambua. Somo linalopanga ukurasa mzima kwa majedwali ni la zamani. Tangu Machi 2017 vivinjari vikubwa vilipokea CSS Grid, inayofanya kazi hiyo kwa mistari michache. Somo linalotumia alama ya font kubadilisha maandishi ni la kale zaidi. Dalili kubwa kuliko zote ni kukosekana kwa mstari wenye neno viewport kichwani mwa ukurasa. Bila mstari huo simu huonyesha tovuti kana kwamba ni kompyuta ya mezani, maandishi yakawa madogo kama ya karatasi ya dawa. Ethan Marcotte alieleza tarehe 25 Mei 2010, katika jarida la A List Apart, namna ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga kufuata upana wa kioo chochote. Mwalimu ambaye bado hafundishi hilo asilipwe.

Jambo hili linamgusa hata asiyetaka kuwa mbunifu. Mkazi anayefungua tovuti kutafuta fomu ya leseni ya biashara hulipia kila picha iliyomo. Picha sita zilizotoka katika simu bila kupunguzwa, kila moja megabaiti 4, ni megabaiti 24. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, zote pamoja hazifiki megabaiti moja, na macho hayaoni tofauti katika kioo cha simu. Ukurasa mzito usipofunguka, mkazi hupanda bodaboda kwenda kufuata karatasi moja. Nauli hiyo imesababishwa na mbunifu.

Yupo pia mkazi asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti. Mbunifu akiandika lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa, simu yenye sauti ya Kiswahili hujua kuitumia; akiacha "en" iliyokuja na mfano alionakili, Kiswahili husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na msikilizaji haelewi neno. Ni herufi mbili tu. Kanuni za W3C za ufikivu, ambazo toleo lake la 2.2 lilitoka tarehe 5 Oktoba 2023, hutaka pia maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya cheupe hupendeza ofisini, lakini juani sokoni hakionekani.

Habari mpya za fani hii ni nyingi kuliko haja. Smashing Magazine, la tangu 2006, linatosha kwa anayesoma Kiingereza. Asiye na muda atazame alama ya Baseline katika kurasa za MDN: huonyesha kama kipengele kipya kimekubaliwa na vivinjari vikuu vyote, na hukiita kilichoenea baada ya miezi 30 kupita. Kwa wateja wenye simu za zamani, mbunifu angoje miezi hiyo.

Kuhusu ada, mzazi aombe kwanza kuona kazi za mwalimu na kuzifungua kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Zikichelewa kufunguka, fedha zibaki mfukoni na mtoto aanze na MDN. Naye mwenye biashara anayeagiza tovuti ahakikishe jina la kikoa, la co.tz au jingine, limesajiliwa kwa jina lake wala si la fundi, na nywila zake akabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.