Moyo Uafikiane na Sauti: Neno la Katibu



Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni yenye sura 73. Aliagiza zaburi zote 150 ziimbwe kila juma, na moyo uafikiane na sauti. Tena, asiyeweza kuwajenga wasikilizaji asithubutu kuimba. (Ndugu zetu wa besi, msiniangalie hivyo!) Lakini aliwatengea pia saa za kusoma Neno kila siku.

Kwetu nota zina siku zake, maneno hayana. Napendekeza kila mazoezi tuanze kwa kusoma Wimbo wa Katikati polepole, tunyamaze dakika tano, ndipo mwalimu atoe sauti. Tuanze Alhamisi hii. Mje na Biblia.