Dadu Lisifutwe

Zoezi la kijeshi ambalo malengo yake yote yamefikiwa ni zoezi ambalo nasibu haikupewa nafasi. Taarifa ya jeshi ya wiki hii, kwamba malengo yote ya zoezi lake yamefikiwa, wasikilizaji wameshaisikia, haina haja ya kurudiwa. Kinachotia wasiwasi ni kwamba haitaji popote jambo lililokwenda kombo: gari lililokwama, redio iliyonyamaza, ukungu uliochelewesha ndege. Vita havijawahi kwenda hivyo, popote, kwa jeshi lolote.

Waliobuni mchezo wa vita wa kisasa walilijua hilo. Mwaka 1824 luteni wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, aliuonyesha mchezo wake mbele ya Jenerali von Müffling: ramani iliyopimwa vizuri, vipande vya rangi mbili badala ya vikosi, mwamuzi, na dadu. Kikosi kikifyatua risasi, mwamuzi hutupa dadu, husoma jedwali, na jedwali humwambia hasara ni kiasi gani. Risasi zile zile, umbali ule ule, matokeo tofauti. Ofisa kijana alijifunza mapema kwamba amri nzuri nayo hushindwa. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alitaka dadu liwekwe kando, mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Mchezo ukaenda haraka zaidi. Lakini mwamuzi ni mtu, na mtu ana mkubwa wake.

Mkubwa huyo alionekana waziwazi mwanzoni mwa Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, Wajapani walipoufanyia majaribio mpango wa kushambulia kisiwa cha Midway. Okumiya Masatake, mmoja wa waamuzi, alisimulia baada ya vita kwamba dadu lilitupwa kupima shambulio la ndege za Marekani kutoka nchi kavu. Likatoa mabomu tisa yaliyolenga sawasawa, na meli mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zikahesabiwa zimezama. Admirali Ugaki Matome, aliyesimamia mchezo, akaamuru mabomu yawe matatu. Akagi ikafufuka, ikiwa na madhara kidogo tu. Kaga ikabaki chini ya maji kwa muda, kisha ikarudishwa mezani kwa awamu iliyofuata.

Haki itendeke kwa Ugaki. Kuhusu ndege za nchi kavu hakuwa mbali na ukweli: tarehe 4 Juni ndege zilizoruka kutoka Midway hazikuipiga hata meli moja ya kubeba ndege. Bahati ilipitia mlango mwingine. Rubani McClusky wa meli ya Marekani, Enterprise, aliwakosa Wajapani pale alipotarajia kuwakuta, mafuta yakipungua, akaendelea kutafuta. Akaiona manowari ndogo, Arashi, ikikimbia kuwafuata wenzake baada ya kubaki nyuma kuwinda nyambizi. Akaufuata mwelekeo wake. Muda mfupi baadaye meli za kubeba ndege Akagi, Kaga na Soryu zilikuwa zinawaka moto, na Hiryu ikafuata siku hiyo hiyo. Dadu la Mei halikutabiri Arashi, wala si kazi ya dadu kutabiri. Lilikuwa limeuliza swali: meli hizi zikipotea, mtafanya nini? Swali likafutwa pamoja na jibu lake.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya meza na uwanja. Dadu lina nyuso sita, na kila mchezaji anazijua. Mchezo unaweza kurudiwa kesho, dadu likatua vingine. Uwanja wa vita haumwonyeshi mtu nyuso zake, na hautupwi mara ya pili. Jedwali gani la Prussia lingekuwa na mstari wa nyuki?

Maana huko Tanga, Novemba 1914, nyuki walipigana. Waingereza walifika na askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, dhidi ya watu kama 1,000 wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Milio ya risasi ikachokoza nyuki kwenye mizinga iliyotundikwa mitini, wakatoka kwa maelfu. Waingereza wakashindwa, wakaondoka, wakiacha silaha na shehena kubwa ya risasi, na nyuki wakawa simulizi. Baadaye ukazuka uvumi kuwa Wajerumani waliwatega makusudi.

Lakini nyuki hawakuchagua upande. Waliwauma pia wapiga rashasha wa Lettow. Na si nyuki walioingia bandarini tarehe 2 kuwapa Wajerumani taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Hilo lilifanywa na nahodha wa manowari ya Waingereza, HMS Fox. Lettow akapata nafasi ya kuleta vikosi kwa reli kutoka upande wa Moshi. Jenerali Aitken, aliyewaongoza Waingereza, naye hakufanya upelelezi wa maana. Hayo ni maamuzi ya watu, na hayana uhusiano na bahati.

Ndiyo tabia inayochosha, na itasemwa tena hapa mpaka ikome: bahati hufutwa mezani, kisha husingiziwa uwanjani. Mezani mkubwa hataki kuiona kwa sababu inamharibia mpango. Uwanjani huitafuta kwa tochi kwa sababu inamfunikia kosa. Askari wa kawaida ndiye anayelipa mara zote mbili.

Basi dadu litupwe, na likitua liachwe lilivyotua! Mwamuzi alindwe dhidi ya cheo cha mkubwa wake. Meli iliyozama mezani ibaki imezama, na kila kamanda aeleze angeendeleaje bila hiyo. Siri za ulinzi zibaki siri, hakuna anayetaka ramani zisomwe redioni. Lakini wabunge wa kamati ya ulinzi waulize, hata nyuma ya milango iliyofungwa: katika zoezi hili kitu gani kilishindikana, nani alibadilisha matokeo, na kwa idhini ya nani? Waulize wiki hii, kabla ya taarifa nyingine kuandikwa.