MASHINE YA MASHUA IKIZIMIKA BAHARINI: TUANZE WAPI KUTAFUTA?

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa mashine za mashua, aliyoyatoa mbele ya wavuvi na manahodha wa upande wa Lamu.)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni mashine inayokosa mafuta hali mafuta yamo tele ndani ya tangi. Maradhi ya mashine ni mengi, lakini kati ya zile ninazoletewa, nyingi haziumwi na kitu kikubwa. Zimekosa kinywaji chao tu, au zimenyweshwa kitu ambacho si kinywaji chao.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, wakati wa kusi, nilikuwa katika mashua iliyotoka Faza kuja Lamu. Ndani yake alikuwamo mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu, pamoja na jamaa zake, nasi tulikuwa tukifanya haraka tuupite Mkanda kabla maji hayajapwa. Kila mtu hapa aujua Mkanda: maji yakitoka, mashua hukaa juu ya matope kama kuku juu ya mayai. Basi tulipokuwa bado hatujaufikia, mashine ikapunguza sauti, ikakohoa, ikazimika. Nahodha akavuta kamba, ikawaka. Tukaenda kitambo kidogo, ikazimika tena. Mimi nilikuwa fundi kijana, tena fundi mwenye kujiona. Nikasema, "Hii ni kabureta," nikatoa bisibisi, nikaifungua pale pale mashua ikiyumba. Skrubu moja ikaniponyoka, ikaanguka ndani ya ngama, tukaanza kuipapasa katika maji machafu. Saa nzima ikapita hivyo.

Alikuwako mzee mmoja aliyekaa tezi, na tangi la mafuta lilikuwa karibu na miguu yake. Hakuwa fundi. Aliniuliza, "Mwanangu, kitu hiki kinapumua?" Akaitia mkono ile skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi, akaizungusha, na tangi likavuta hewa kwa mlio tuliousikia sote. Skrubu ya pumzi ilikuwa imefungwa! Mtoto aliyelipakia tangi aliifunga ili mafuta yasimwagike njiani, na katika hilo alifanya vema. Lakini hapana mtu aliyekumbuka kuifungua. Nilipokwisha kuirudisha kabureta mashine ikawaka, wala haikuzimika tena. Lakini maji yalikwisha kutoka. Tulikaa Mkanda katikati ya mikoko mpaka maji yaliporudi, na mtoto alizaliwa humo humo mashuani, mikononi mwa wanawake wawili waliomzungushia mama yule kanga. Mtoto alikuwa mzima. Mama alitoka damu nyingi, nasi tulimfikisha hospitali akiwa hawezi kusimama. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sikufungua tena kabureta kabla ya kulitazama tangi.

Sasa natufuate njia ya mafuta, maana mafuta hupita njia moja tu, kama maji ya mfereji. Hutoka tangini kwa bomba lenye chujio dogo chini yake. Huingia katika mpira, na katikati ya mpira huo ipo pampu ya mkono, kile kitu kilichotuna mfano wa yai. Kutoka hapo hufika kwenye kiungo kinachobanwa katika mashine, yakapita chujio la pili, yakaingia katika pampu ya mashine yenyewe, ambayo ndani yake mna utando mwembamba unaochezeshwa na pumzi ya mashine. Mwisho hufika katika kabureta. Humo mna kikombe, na ndani ya kikombe mna chelezo: mafuta yakijaa, chelezo hupanda na kuifunga sindano, yakipungua, chelezo hushuka na kuifungua. Kutoka kikombeni mafuta hupita katika matundu membamba sana tunayoyaita jeti, yakachanganyika na hewa. Mahali popote katika njia hii panapozibika, au panapoingiza hewa, mashine itakufa.

Rafiki yenu mkubwa katika safari hii ni ile pampu ya mkono, maana huwaambia ukweli mkijua kuisikiliza. Iminye huku mshale uliochorwa juu yake ukielekea kwenye mashine, na ukiweza uisimamishe, mshale utazame juu. Ikiwa mambo ni sawa, baada ya kuminywa mara chache itakuwa ngumu, maana kikombe kimejaa na sindano imejifunga.

Ikiwa haiwi ngumu hata ukiiminya mpaka mkono uchoke, basi tazama kwanza kama tangi lina mafuta. Msicheke, nimepanda mashua kwenda kumwokoa mtu ambaye tangi lake lilikuwa kavu. Kama mafuta yamo, hewa inaingia mahali fulani: mpira umepasuka, kibano kimelegea, au ile pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya kiungo imekatika. Au huenda vali za pampu yenyewe zimechoka. Tazama pia nyuma ya mashua: ukiona maji yanang'aa rangi rangi na kunusa petroli, mafuta yanafika lakini kabureta inayamwaga, yaani sindano haifungi.

Ikiwa pampu inanywea na kubonyea wakati mashine inakwenda, mashine inavuta lakini nyuma hakutoki kitu. Hapo ndipo pa skrubu ya pumzi. Kama iko wazi, basi chujio la tangini limeziba, au mpira umekunjwa chini ya mguu wa abiria au chini ya gunia. Mipira iliyozeeka ina hila nyingine: kwa nje ni mizuri, lakini ngozi ya ndani imebanduka na kuiziba njia. Fundi huweza kuitafuta ila hiyo siku nzima.

Na ikiwa pampu ni ngumu kama jiwe tangu mnyo wa kwanza, na mashine haiwaki, mafuta yamezuiliwa mbele. Kiungo cha mashine huenda hakikubanwa mpaka mwisho. Kitoe, ukirudishe mpaka usikie kimekaa. Kisha tazama lile chujio la pili.

Liko jambo moja zaidi la pampu hii, nalo limewarudisha watu wengi nyumbani. Mashine ikizimika, lakini ikawa inaendelea kwenda kila mtu anapoiminya pampu, basi ni dhahiri kwamba pampu ya mashine imedhoofika. Mara nyingi ni ule utando uliotoboka. Hapo msihangaike kuitengeneza baharini. Mtu mmoja na ashike usukani, mwingine akae akiminya taratibu, mpaka mfike pwani.

Kabla ya kulaumu mafuta, itoe plagi uitazame. Plagi kavu yasema kwamba mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa petroli yasema kwamba mafuta yamefika, na labda yamezidi, ama cheche hakuna. Na ile kamba nyekundu inayofungwa mkononi mwa nahodha, ikiwa klipu yake imetoka, mashine haitawaka hata mkivuta mpaka magharibi. Hilo si la mafuta, lakini nimeona mtu amefungua kabureta kwa sababu hiyo.

Sasa nije katika maji, maana hapa pwani maji ndiyo adui wetu wa kila siku. Huingia kwa mvua katika madebe yaliyoachwa wazi, huingia kwa wimbi linaporuka juu ya kifuniko, na hata jasho la tangi lisilojaa hugeuka maji usiku. Kwa hiyo ile skrubu ya pumzi ifungwe mashua inapolala, ifunguliwe inapokwenda. Na bahari ikichafuka, funikeni tangi kwa turubali bila kulibana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita ya petroli haifiki hata kilo nane katika kumi. Ndiyo sababu maji hukaa chini, mahali pale pale bomba linapovutia. Mimina mafuta kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Ukiona matone yanabingirika chini kama lulu, ni maji. Chini ya kikombe cha kabureta ipo skrubu ya kumwagia. Ifungue, uyakinge yatokayo, utaona hali yake.

Wako pia wanaonunua petroli ya magendo katika chupa, iliyotiwa mafuta ya taa. Mchezo huu ulienea hata Serikali ya Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa nchini, ili kuupunguza. Zipo mashine zilizoundwa kwenda kwa mafuta ya taa, lakini ikiwa yako si mojawapo, itakuwa nzito kuwaka, itatoa moshi, na plagi zitachafuka. Nunua mahali unapoweza kurudi kulalamika.

Mashine nyingi tunazotumia hapa hunywa oili pamoja na petroli. Kipimo cha nyingi ni hamsini kwa moja, yaani nusu lita ya oili katika lita 25 za petroli, na mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za kwanza; kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Nalisema hili kwa kuwa wako watu ambao mashine yao imepungua nguvu, yaenda vizuri polepole lakini haikubali mwendo, au yakubali mwendo wakati choki imevutwa tu, nao huendelea kuitumia hivyo hivyo kwa miezi. Dalili hiyo ni ya jeti iliyoziba nusu. Na katika mashine ya namna hii, petroli ikipungua oili nayo hupungua, maana zinakuja pamoja. Pistoni huchomeka, ikakwama. Kwa uchafu mdogo kama punje ya mchanga mtu hupoteza mashine aliyoinunua kwa mkopo wa miaka miwili.

Jeti husafishwa kwa petroli safi na kwa kupuliziwa hewa. Msiingize waya wala sindano, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu kipimo kimeharibika. Mimi hutumia kipande cha mshipi wa nailoni, maana ni laini kuliko shaba. Ikiwa petroli imelala katika kabureta msimu mzima wa kusi, mtakuta gundi ya rangi ya kahawia, na pengine unga mweupe wa chumvi. Afadhali kuzuia: siku mnapoipandisha mashua kwa muda mrefu, ungoeni mpira, mwache mashine imalize mafuta yaliyo kikombeni, na wakati huo iwe inapata maji ya kuipoza.

Kila mashua na iwe na plagi moja ya akiba na spana yake, bisibisi, vibano viwili, chupa nyeupe, na funeli yenye kitambaa cha kuchujia. Na makasia, jamani. Upondo wa mkoko hauhitaji petroli.

Nimeileta hapa mashine ya jirani yangu, ambayo tangu juzi huwaka na kuzimika baada ya muda mfupi. Tangi nimekwisha kulitazama, na skrubu ya pumzi iko wazi. Pampu inanywea. Nitaufungua mpira huu mbele yenu tuone ndani yake. Moshi wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka miguuni pa mtu aliyekaa mbali. Kwa hiyo bwana yule aliyeko mlangoni na aizime sigara yake kwanza, kisha mje karibu.