Usiitupe Lenzi ya Babu

Msikilizaji, kama kabatini kuna kamera ya mkanda aliyoiacha babu, usiitupe. Mkanda umeadimika, lakini lenzi yake huenda bado ni nzima.

Chukua mfano wa lenzi ya Helios 44-2. Ilitengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit, kwa kufuata muundo wa lenzi ya Biotar ya Wajerumani wa Carl Zeiss Jena. Ni chuma na kioo, haina waya hata mmoja. Mwanga unaupunguza kwa kuzungusha pete, na kulenga unalenga kwa mkono. Mpige mtu picha mbele ya mwarobaini huku tundu la mwanga likiwa wazi kabisa: uso unatulia, majani ya nyuma yanazunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Mimi kwa picha za watu naipenda kuliko lenzi nyingi mpya.

Itakaaje kwenye kamera ya leo? Hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Kila lenzi ina umbali wake kutoka kitako chake hadi kwenye mkanda. Helios hii inataka milimita 45.46. Kamera za Sony za mlango wa E, yaani pale lenzi inapofungwa, zisizo na kioo cha kuakisi ndani, zina milimita 18 tu hadi kwenye sensa, inayokaa mahali pa mkanda. Nafasi iliyobaki, milimita 27.46, inajazwa na adapta, pete tupu ya chuma. Lakini kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi zina milimita 46.5. Lenzi itakaa mbali kupita kiasi. Vya karibu utavipata, mlima wa mbali hautaonekana wazi. Kwa hiyo taja aina ya mlango wa kamera yako kabla hujalipia adapta.

Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio uruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana haitaitambua. Kuza picha kwenye skrini unapolenga.

Na kabla ya kununua lenzi, pitisha mwanga wa tochi ndani yake. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hula tabaka lililopakwa kwenye kioo. Sisi wa pwani, kwenye joto na unyevu, tusiifungie lenzi ndani ya mkoba wa ngozi miezi na miezi. Itoe, ipate hewa na mwanga, uitumie.