Barua Uliyoikunja Inasema Nini?

(Muziki wa kipindi. Unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tuzungumze juu ya barua.

Fikiria mama mmoja aliyetoka Kivu na kuomba hifadhi Uganda. Siku moja anapewa barua yenye mhuri. Imeandikwa kwa Kiingereza, naye anasema Kiswahili. Anamwomba kijana wa jirani amsomee. Kijana amesoma shule, lakini anakwama: sentensi ni ndefu, maneno ni ya mahakamani. Anamwambia, "Mama, nadhani wanasema ungoje." Mama anaikunja barua, anaiweka pamoja na kadi ya chakula, anangoja.

Kumbe barua ilisema ombi lake limekataliwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtu aliyekataliwa siku 30 za kukata rufaa, tangu alipojulishwa uamuzi. Siku zinakwenda, mama amekaa.

Wako wanaodhani dawa ni kutafsiri tu. Sikiliza sentensi hii:

"Mwombaji ambaye maombi yake hayakukidhi vigezo vya ustahiki anajulishwa kuwa anaweza kuwasilisha rufaa ndani ya ukomo wa muda ulioainishwa kisheria."

Hicho ni Kiswahili, lakini nani ameelewa? Sasa sikiliza hii:

"Ombi lako limekataliwa. Unaweza kukata rufaa. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi huu."

Hii hata mtoto wa darasa la tano atamsomea mama yake. Na sheria haikupungua kitu. Tena ile ya kwanza haikutaja hata idadi ya siku.

Ndugu maofisa mnaotusikiliza, hatuombi mtuandikie kama watoto. Tunaomba uamuzi uwe mstari wa kwanza, tarehe ya mwisho ionekane, na ofisi ya kwenda itajwe. Mkiandika hivyo, hata foleni ya watu wanaokuja kuuliza itapungua.

Na ninyi viongozi wa kambi, mkisoma tangazo mkutanoni, msiishie kusoma. Mwombeni mtu mmoja aeleze alichosikia. Akikosea, elezeni tena.

Nawe msikilizaji, ukipewa barua, usiondoke dirishani kabla ya kuuliza maswali manne. Imeamuliwa nini? Nifanye nini? Mwisho ni tarehe gani? Niende ofisi gani?

Andika kwenye karatasi yako tarehe uliyoipokea barua. Usitie sahihi wala kidole kwenye jambo usilolielewa. Omba mkalimani kwanza. Jirani akikuambia "nadhani," mshukuru, kisha upeleke barua kwa washauri wa sheria wanaohudumia wakimbizi. Nenda siku hiyohiyo. Hata kama unaona umechelewa, nenda, wao ndio watakaokuambia kama bado kuna njia.

Kuna watu wanaona haya kusema "sijaelewa" mbele ya ofisa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Aliyeandika barua isiyoeleweka ndiye aliyeacha kazi nusu.

Basi, kama una barua nyumbani uliyoikunja bila kuielewa, itoe leo. Itafutie mtu wa kuisoma vizuri.



(Muziki.)